Wajapani Wana Deni kwa Wezi wa Kaseti

Agosti 2021, kampuni ya Sony ya Japani ilikamilisha ununuzi wa Crunchyroll, huduma ya Kimarekani ya kuonyesha anime mtandaoni, kwa dola bilioni 1.175. Muuzaji alikuwa AT&T, kampuni ya simu. Ukiitazama biashara hiyo kwa jicho la mchuuzi utacheka: Mjapani ametoa zaidi ya dola bilioni moja kununua genge la Mmarekani linalouza katuni za Kijapani.

Asili ya genge lenyewe inachekesha zaidi. Crunchyroll ilianzishwa mwaka 2006 na vijana waliosoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwanzoni ilikuwa tovuti ya nakala za wizi. Yeyote aliyekuwa na anime kwenye kompyuta yake aliipakia hapo, na yeyote mwenye intaneti aliitazama. Mwaka 2008 wawekezaji wa Venrock waliipa dola milioni 4.05, na kampuni za Marekani zilizokuwa zimelipia haki zikapiga kelele, kwa haki kabisa. Januari 2009 tovuti ikaondoa nakala zisizo na kibali, ikafunga mkataba na TV Tokyo, ikaanza kuonyesha Naruto Shippuden. Mwanachama aliyelipa alipata sehemu mpya saa moja tu baada ya kurushwa Japani; asiyelipa alisubiri wiki. Leo huduma hiyo ina wanachama wanaolipa zaidi ya milioni 17.

Kwa hiyo kilichonunuliwa na Sony mwaka 2021 hakikuwa mitambo tu. Kilikuwa umati, na umati huo ulikusanywa na watu ambao wenye haki waliwaita wezi. Shabiki wa anime nje ya Japani amefanya kazi ya msambazaji, mfasiri, mtangazaji na mwalimu kwa karibu miaka 50, bila mkataba na bila mshahara. Bila yeye, soko linalosifiwa leo lingekuwa dogo mno.

Si kwamba Wajapani hawakuwahi kujaribu wenyewe. Tetsuwan Atomu ya Tezuka Osamu ilianza kuonyeshwa Japani Januari 1, 1963, na kabla ya mwaka kwisha watoto wa Marekani walikuwa wakiitazama kwa jina la Astro Boy. Lakini mtoto yule hakuambiwa kwamba katuni yake imetoka Japani. Kwake ilikuwa katuni kama nyingine, iliyokatwakatwa na kuingizwa Kiingereza, na ilipokwisha ilikwisha. Mtazamaji wa namna hiyo hana cha kutafuta, kwa sababu hajui kwamba kuna zaidi.

Aliyetaka kujua zaidi alitokea Los Angeles. Mei 1977, Fred Patten na wenzake walianzisha Cartoon/Fantasy Organization, klabu ya kwanza ya mashabiki wa anime nchini Marekani. Mtaji wao ulikuwa deki. Vituo vya televisheni vilivyohudumia Wajapani wa California vilirusha katuni za maroboti, nao wakarekodi. Kisha wakapata marafiki wa posta huko Japani, watu waliotamani Star Trek na Battlestar Galactica kama wao walivyotamani maroboti. Wakawa wanabadilishana: kaseti kwenda, kaseti kurudi. Bahati ilikuwa upande wao, maana Japani na Marekani zilitumia mfumo mmoja wa televisheni, NTSC, na kaseti iliyorekodiwa Tokyo ilicheza vizuri kwenye deki ya Los Angeles. Shabiki wa Unguja, ambako televisheni ya rangi ya mfumo wa PAL iliingia katika miaka hiyohiyo ya 1970, angeitia kaseti hiyo kwenye deki akaambulia michirizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja kompyuta ya Amiga pamoja na kifaa cha kuchanganya maandishi yake na picha ya video. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza. Mwanafunzi mmoja aliyejua Kijapani alitafsiri, mwingine alipanga mistari ya maandishi iendane na midomo ya wahusika, wa tatu alikaa usiku kucha akinakili kaseti, deki hadi deki. Aliyetaka nakala alituma kaseti tupu pamoja na bahasha yenye stempu ya kurudishia. Nakala ya nakala ilififia, na nakala ya tano ilikuwa ukungu mtupu wenye sauti. Watu waliitazama hivyohivyo.

Walikuwa na kanuni, na hapa ndipo hoja ya wizi inapokuwa ngumu. Mwanzoni mwa kaseti nyingi yaliandikwa maonyo: si ya kuuzwa, si ya kukodishwa, na ikipata mwenye leseni, acheni kuisambaza. Sean Leonard, aliyechapisha utafiti wake kuhusu jambo hili mwaka 2005, alionyesha kwamba kampuni za kwanza zilizoleta anime Marekani zilitokana na mashabiki haohao na ziliuza kwa umati ambao kaseti za magendo zilikuwa zimeshauandaa. Sheria ilivunjwa, hilo halina ubishi. Lakini ilivunjwa na watu waliojiwekea mpaka wa kuivunja, na wengi waliuheshimu.

Wakati huohuo, waliolipia haki zao walifanya nini? Mwaka 1985 Carl Macek alichukua mifululizo mitatu isiyohusiana, Macross, Southern Cross na Mospeada, akaiunganisha kuwa hadithi moja ya sehemu 85 iliyoitwa Robotech, kwa sababu vituo vya televisheni vya Marekani vilitaka mfululizo usiopungua sehemu 65. Miaka ya baadaye kampuni ya 4Kids iliwafanya wahusika wa Pokémon wayaite matonge ya wali "maandazi ya jemu", ingawa matonge yenyewe, meupe na yenye karatasi nyeusi ya mwani, yalionekana wazi kwenye kioo. Katika One Piece, kampuni hiyohiyo ilifuta sigara ya Sanji na kumtia pipi ya kijiti mdomoni. Mtoto wa miaka kumi alijua anadanganywa. Na alipotafuta toleo lisilochezewa, alilikuta kwa mashabiki peke yao.

Halafu kulikuwa na suala la kusubiri. Naruto ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2002; Marekani iliifikia Septemba 2005. Miaka mitatu! Katika miaka hiyo mitatu intaneti ya kasi ilienea, na kikundi cha mashabiki kiliweza kuchukua sehemu iliyorushwa Tokyo jioni na kuitoa na tafsiri ndani ya siku moja au mbili. Wenye mali walikuwa wamefunga mlango wa duka na kwenda kulala.

Ufaransa ina kisa chake, nacho kina funzo kubwa zaidi kwa sababu vita vyake vilikuwa vya wazi. Goldorak, roboti ambalo Japani linaitwa Grendizer, lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye Antenne 2 Julai 3, 1978. Watoto walishikwa na wazimu kiasi kwamba Januari iliyofuata jarida la Paris Match liliweka wazimu huo kwenye jalada lake. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Mwanasaikolojia Liliane Lurçat aliandika kitabu mwaka 1981 kuhusu mtoto wa miaka mitano aliyeachwa peke yake na Goldorak. Mwaka 1989 mbunge Ségolène Royal, ambaye baadaye angegombea urais, alichapisha kitabu chake cha kushambulia vipindi vya watoto, na katuni za Kijapani zilikuwa miongoni mwa washtakiwa wakuu. Kipindi cha Club Dorothée cha TF1, kilichodumu kuanzia 1987 hadi 1997, kililisha kizazi kizima Dragon Ball na Saint Seiya, huku magazeti yakikisema vibaya karibu kila wiki.

Kizazi hicho hakikuharibika. Kilikua, kikapata mishahara, kikanunua vitabu. Nyumba ya uchapishaji ya Glénat ilitoa manga, yaani kitabu cha katuni cha Kijapani, ya Akira mwaka 1990, na wengine wakafuata. Tamasha la Japan Expo, lililoanzishwa na vijana mwishoni mwa miaka ya 1990, sasa hujaza kumbi za maonyesho kaskazini mwa Paris kwa watu zaidi ya laki mbili. Mwaka 2021 serikali ilipowapa vijana wa miaka 18 pasi ya euro 300 za kutumia katika utamaduni, walikimbilia manga kwa wingi hata magazeti yakaibatiza pasi hiyo jina la manga. Mwaka huo nakala takriban milioni 47 ziliuzwa nchini humo. Na Mfaransa mmoja wa kizazi hicho, Tony Valente, alianza kuchora Radiant mwaka 2013. Mwaka 2018 NHK ya Japani ikaigeuza kuwa anime. Mtoto wa Goldorak alirudi Tokyo akiwa mwandishi.

Waarabu nao wana yao. Grendizer iliingizwa sauti za Kiarabu nchini Lebanoni mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, na wimbo wake ukaimbwa na Sami Clark. Captain Tsubasa, mchezaji mpira wa kwenye manga ya Yoichi Takahashi, akawa Kapteni Majid. Watoto wa Maskati, wakiwamo wale ambao bibi zao huwasemesha Kiswahili nyumbani, walimfahamu Majid na uwanja wake mrefu usiokwisha kabla ya kumsikia Mjapani aliyemchora. Leo Saudi Arabia inachapisha majarida ya manga kwa Kiarabu, na mwaka 2024 ilitangaza kujenga bustani ya burudani ya Dragon Ball huko Qiddiya. Hiyo ni pesa ya watu wazima wanaolipia utoto wao.

Na Afrika Mashariki?

Hapa msomaji aliyekulia Manzese, Eastleigh au Kisenyi atakuwa ameshaanza kutabasamu, maana habari za kaseti zilizonakiliwa, mfasiri asiye na kibali na umati uliokaa kwenye mabenchi si habari ngeni. Kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, kilikuwa chuo kamili. Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz ameandika kwa kina kuhusu Lufufu, msimuliaji wa Kitanzania aliyezitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, Titanic ikiwemo, akieleza, akitania na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo na wenzake. Kazi yao ni ndugu wa damu wa kazi ya yule mwanafunzi wa Marekani mwenye Amiga. Tofauti ni kwamba Mmarekani aliificha sauti yake chini ya picha, na Lufufu aliipandisha juu ya picha hadi Leonardo DiCaprio akasikika kama mtu wa Kariakoo.

Anime ilipofika mitaani kwetu ilipita njia zilezile: CD za kuchoma, kisha flashi ya kujaziwa dukani, kisha chaneli za Telegram zinazokula bando la usiku. Nairobi ina tamasha lake la katuni, Naiccon, ambako vijana hujitokeza wamevaa kama Naruto au Luffy wa One Piece, na mavazi mengi kati ya hayo ni kazi ya mikono yao au ya fundi cherehani wa mtaani aliyeonyeshwa picha kwenye simu. Yote haya yamejengwa bila mwaliko wowote kutoka Tokyo.

Shueisha, mchapishaji wa One Piece, ilizindua huduma ya Manga Plus Januari 2019. Ni huduma nzuri, lazima isemwe: sura mpya hutoka siku ileile na Japani, na sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho husomwa bure karibu dunia nzima. Inapatikana kwa lugha tisa, zikiwemo Kiindonesia, Kithai na Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Shabiki wa Bujumbura au Lubumbashi husoma kwa Kifaransa, wa Mwanza kwa Kiingereza, na asiyejua vyote viwili hubaki na chaneli za Telegram.

Kisingizio cha kwamba Mswahili hapendi cha kigeni kilichotafsiriwa kilikufa zamani. Wachina walituletea tamthilia ya Doudou na wakwe zake kwa Kiswahili mwaka 2011, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Televisheni ya Azam iliwatia Waturuki Kiswahili kinywani, na tamthilia ya Sultan ikawa mazungumzo ya sebuleni na saluni. Wachina na Waturuki waliona soko. Wajapani, ambao vijana wetu wanajua majina ya wachoraji wao kwa moyo, bado wanatuona kwa mbali.

Wala si Wajapani pekee. Julai 2023 Disney ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za katuni zilizotengenezwa na Waafrika, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Jina ni la Kiswahili. Ilipotoka, huduma ya Disney+ haikuwa inauzwa Kenya, Uganda wala Tanzania. Mtu amwambie basi kijana wa Kampala jinsi ya kuitazama kihalali kazi ya jirani yake.

Mwandishi huyu hataki kuwapamba wezi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 iko wazi, na kuna tofauti kubwa kati ya mfasiri shabiki na tovuti zinazozoa kazi yake na kuzungushia matangazo ya kamari. Hizo ni biashara, na zinaumiza. Ndiyo maana mwaka 2010 wachapishaji 36 wa Kijapani waliungana na wenzao wa Marekani, na One Manga, moja ya tovuti kubwa za manga wakati huo, ikafunga. Mei 2025 MangaDex, tovuti ya tafsiri za mashabiki, ililazimika kuondoa kazi zaidi ya 700. Waliolia zaidi siku hiyo walikuwa wasomaji wa lugha ambazo hazina toleo rasmi.

Ila wanaodai kwamba ukilipa, unamlipa mchoraji, wapunguze sauti kidogo. Anime nyingi hugharamiwa na kamati ya wawekezaji: televisheni, mchapishaji, kampuni ya muziki, mtengeneza vinyago. Studio hupewa ada ya kazi, na faida huenda kwa kamati. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu biashara na haki za binadamu Japani ilitaja kwamba mapato ya mchoraji anayeanza kazi yalikuwa kama yeni milioni 1.5 kwa mwaka, kiasi kisichotosha maisha ya Tokyo. Ilhali mwaka 2023 pekee, kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa anime cha Japani, soko la nje lilifikia yeni trilioni 1.72, zaidi ya soko la ndani. Pesa zipo. Zinakwenda wapi ni swali ambalo mashabiki wa nje wana haki ya kuliuliza.

Na wakishalipa, wanapata nini? Julai 2025 watazamaji wa Crunchyroll walikuta kwenye tafsiri ya Kijerumani ya mfululizo mmoja maneno "ChatGPT imesema", yameachwa humohumo katikati ya mazungumzo. Kazi iliyofanywa zamani na mwanafunzi asiyelala, kwa mapenzi matupu, sasa imefanywa na mashine kwa malipo, na hakuna aliyeikagua. Mashabiki ndio walioiona, kama kawaida yao.

Wenye mali wanachosahau ni kwamba shabiki wa mbali haishii kununua. Agosti 2025 bendera ya fuvu lenye kofia ya majani, ya maharamia wa One Piece, ilipepea Indonesia kupinga serikali. Mwezi uliofuata ilikuwa Nepal. Kabla Septemba haijaisha ilikuwa imefika Madagaska, jirani zetu, mikononi mwa vijana walioandamana kwa sababu ya kukatika maji na umeme, na kule fuvu lilivalishwa kofia ya Kimalagasi. Katikati ya Oktoba jeshi lilishika madaraka na rais akawa ameikimbia nchi. Eiichiro Oda alianza kuchora hadithi hiyo Julai 1997 kwa ajili ya wavulana wanaonunua jarida la kila wiki. Hakuna idara ya masoko iliyopanga bendera yake ifike Antananarivo.

Ombi, basi, ni kwa pande mbili. Shueisha, Kodansha na wenzao waanze na kidogo: kazi tatu au nne kwa Kiswahili kwenye huduma ambayo tayari wanayo, zitafsiriwe na watu wanaoipenda kazi hiyo, na walipwe. Watafute kituo cha televisheni cha hapa kinachojua kuingiza sauti, kwa sababu kipo. Bei iwe ya mtu anayenunua bando la siku, wala si ya mwenye kadi ya benki ya Ulaya. Na vijana wanaotafsiri anime kwa Kiswahili kwenye vyumba vyao usiku wasisubiri ruhusa ya kuwa na adabu. Waandike mwanzoni mwa kazi zao kwamba si ya kuuzwa, wakatae matangazo ya kamari, wataje jina la mchoraji, na toleo rasmi la Kiswahili likifika, wafute nakala zao siku hiyohiyo.